Mtawa Mpelelezi na Maiti wa 95

Neno mtawa limetokana na kitenzi kutawa, yaani kukaa ndani bila kutoka, kujitenga na shughuli za watu. Mpelelezi naye ni mtu wa kutoka: huzunguka, huuliza, hudadisi, huingia asikoalikwa. Mmoja amefunga mlango wake, mwingine anabisha hodi kwenye milango ya wenzake. Kwa maana ya maneno peke yake, ni vigumu mtu kuwa mtawa na mpelelezi kwa wakati mmoja. Hata hivyo, tangu miaka ya 1970 walitokea waandishi huko Ulaya waliowaunganisha watu hao wawili katika mhusika mmoja, wakamvika kanzu ya kimonaki, wakamrudisha hadi zama za kati, kisha wakamkabidhi maiti na kumwambia atafute muuaji.

Makala haya yanahakiki riwaya za namna hiyo kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Tutazitazama kazi za waandishi wawili, Ellis Peters wa Uingereza na Umberto Eco wa Italia, kisha tutazilinganisha na riwaya za upelelezi za Kiswahili, hasa zile za Bwana Msa. Dai letu ni kwamba riwaya ya mtawa mpelelezi haipimwi kwa werevu wa kumnasa muuaji tu. Inapimwa pia kwa maswali ambayo mtawa huyo anathubutu, au hathubutu, kuiuliza nyumba yake mwenyewe na wakubwa walio juu ya nyumba hiyo. Kwa msomaji wa Rwanda kipimo hiki si cha darasani tu, na sababu yake tutaieleza.

Mhusika na chimbuko lake

Kabla ya mtawa alitangulia padri. Mwandishi Mwingereza G. K. Chesterton alichapisha mwaka 1911 mkusanyiko wa kwanza wa hadithi za Padri Brown, padri mfupi, mpole, asiyetisha mtu. Padri huyo anawatambua wahalifu kwa sababu kazi yake ni kusikiliza maungamo. Anaijua dhambi kuliko polisi anavyoijua. Hapo ndipo lilipowekwa jiwe la msingi: mtu wa Mungu anaweza kuwa mpelelezi kwa sababu amezoea kusikia siri na kutunza siri.

Ellis Peters, ambaye jina lake halisi ni Edith Pargeter (1913–1995), alilichukua jiwe hilo na kulipeleka karne ya 12. Mhusika wake, Bruda Cadfael, ni Mwelshi aliyepigana katika vita vya msalaba na kuwa baharia, kisha akaingia utawani akiwa mtu mzima katika abasia ya Wabenedikto ya Shrewsbury. Kazi yake pale ni kutunza bustani ya mitishamba na kutengeneza dawa. Riwaya zake ni 20, kuanzia mwaka 1977 hadi 1994. Nyuma ya karibu zote kuna vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Mfalme Stephen na binamu yake Maud, waliogombea kiti cha enzi cha Uingereza.

Kifani, uteuzi huu ni wa busara. Mpelelezi wa zama za kati hana alama za vidole, hana maabara, hana simu. Ana macho, pua na subira. Cadfael anatambua sumu kwa sababu ndiye anayeikuza shambani. Anatambua jeraha la kisu kwa sababu aliwahi kuwa askari. Pia ana jambo moja ambalo askari wa mfalme hana: watu hawamwogopi. Mwanamke mjane, kijana mtoro na mtumwa aliyekimbia wote humfikia kupata dawa, na katika kutibiwa huzungumza.

Maiti wa 95

Riwaya ya pili ya mfululizo huo, One Corpse Too Many (1979), ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita Maiti Mmoja wa Ziada, ndiyo tunayoona inafaa zaidi kujadiliwa. Msingi wake ni tukio la kihistoria. Mwaka 1138 Mfalme Stephen aliiteka ngome ya Shrewsbury, akaamuru watetezi wake wanyongwe. Katika riwaya, walionyongwa ni 94. Cadfael anatumwa kuwaosha na kuwalaza ili ndugu zao waje wawatambue na kuwazika. Anawahesabu. Anakuta 95.

Huyo mmoja hakunyongwa kwa amri ya mfalme. Alinyongwa kwa kamba nyembamba kutoka nyuma, kisha akatupwa katikati ya wenzake. Muuaji alikuwa na hesabu yake: penye maiti wengi hakuna atakayeuliza habari za mmoja. Cadfael anaikataa hesabu hiyo. Kwake yeye kila maiti ana jina, na huyu asiyedaiwa na mtu ana haki ya kudaiwa. Anaanza kuuliza, na mwishowe muuaji anapatikana.

Ni vigumu kupata wazo zuri zaidi la kuanzishia riwaya ya upelelezi. Kitendo cha kuhesabu, ambacho kwa kawaida ni kazi ya karani, kinageuka kuwa kitendo cha maadili. Aidha, mwandishi ametumia kurasa nyingi kueleza kuoshwa kwa maiti, kulazwa kwao kwa mpangilio, na kuja kwa akina mama na dada kuwatazama nyuso. Sisi ambao kila mwaka, kuanzia tarehe 7 Aprili, huwazika kwa heshima watu ambao mabaki yao yamepatikana mwaka huo, tunazisoma kurasa hizo kwa namna yetu. Tunajua uzito wa kumpa jina mtu aliyetupwa.

Lakini hapa ndipo uhakiki unapoanza. Cadfael anauliza nani alimuua yule wa 95. Na wale 94 je? Muuaji wao anajulikana: ni mfalme, na amri yake ilitolewa mchana. Riwaya inasikitika juu yao, inawazika, inawaombea, kisha inawaacha. Hakuna anayeulizwa. Mfalme Stephen anachorwa kama mtu mkarimu kwa tabia, aliyepitiwa na hasira siku moja. Kifo cha mmoja ni jinai. Vifo vya 94 ni vita.

Hatusemi kwamba mwandishi hakuliona jambo hilo. Aliliona, na Cadfael mwenyewe anaumia. Tunachosema ni kwamba umbo la riwaya ya upelelezi halikumruhusu kwenda mbali zaidi. Utanzu huu umejengwa juu ya muuaji mmoja aliyejificha. Unahitaji siri. Pale ambapo muuaji hakujificha, ambapo aliua mbele ya watu na kwa amri ya serikali, utanzu hauna la kufanya, kwa sababu hakuna fumbo. Huo ni upungufu wa umbo, nao ni mkubwa. Riwaya hii ilipofanywa kuwa tamthilia ya televisheni nchini Uingereza, huku mwigizaji Derek Jacobi akiwa Cadfael, ilianza kuonyeshwa mwezi Mei 1994. Msomaji wa Rwanda hahitaji kuelezwa kilichokuwa kikitendeka hapa mwezi huo, mchana, bila fumbo.

Jeneza la mtakatifu

Katika riwaya ya kwanza ya mfululizo huo, A Morbid Taste for Bones (1977), muuaji anatoka ndani ya abasia. Watawa wa Shrewsbury wanasafiri hadi kijiji cha Gwytherin, huko Wales, kuchukua mifupa ya Mtakatifu Winifred ili abasia yao ipate sifa na mahujaji. Mwenyeji mmoja mwenye heshima anapinga. Siku chache baadaye anakutwa amekufa, na mshale kifuani. Cadfael anagundua kuwa mshale ulichomekwa baadaye, na kwamba aliyeua ni mtawa kijana mwenye uchu wa utukufu.

Anafanya nini? Mtawa huyo anakufa katika purukushani anapokabiliwa na ukweli. Cadfael anaulaza mwili wake ndani ya sanduku la masalia, analifunga, na kuirudisha mifupa ya mtakatifu ardhini kwao. Nguo za marehemu zinaachwa sakafuni kanisani, na ndugu zake wa utawani wanaamini kwamba amenyakuliwa kwenda mbinguni kama alivyokuwa akiomba. Sanduku linabebwa hadi Shrewsbury kwa nyimbo na ubani. Tangu siku hiyo mahujaji wanapiga magoti mbele ya mwili wa muuaji.

Kwa upande wa ubunifu, huu ni mwisho wenye kejeli ya hali ya juu, na msomaji hucheka. Wanakijiji wamebaki na mtakatifu wao, na wapenzi wawili wasio na hatia wameokoka. Hata hivyo, tujiulize: nani amefaidika na ukimya huo? Abasia. Nyumba iliyomlea muuaji imebaki safi mbele ya watu, na zaidi ya hapo imepata faida. Cadfael ameupata ukweli, kisha akaufungia sandukuni. Mpelelezi amekuwa mtawa tena: amefunga mlango.

Maktaba inayoua

Umberto Eco (1932–2016) alichapisha riwaya yake, Jina la Waridi, kwa Kiitaliano mwaka 1980. Ilitafsiriwa kwa Kifaransa mwaka 1982 na kwa Kiingereza mwaka 1983, na mwaka 1986 Jean-Jacques Annaud akaitengenezea filamu. Mhusika mkuu, William wa Baskerville, ni Mfransisko kutoka Uingereza. Jina lake ni salamu kwa Sherlock Holmes. Msimulizi ni Adso, mnovisi wa Kibenedikto, anayesimulia akiwa mzee. Mambo yote yanatokea kwa siku saba za Novemba 1327 katika abasia moja kaskazini mwa Italia.

Watawa wanakufa mmoja baada ya mwingine. Wengi wanadhani vifo vinafuata mpangilio wa baragumu saba za Ufunuo wa Yohane. William naye anaufuata mpangilio huo, na unamfikisha kwa mhusika wa kweli, Jorge, mtawa mzee kipofu. Lakini anapofika anatambua kwamba mpangilio wenyewe haukuwapo. Vifo vilikuwa na sababu mbalimbali, na yeye alifika mahali sahihi kwa njia isiyo sahihi. Jorge alikuwa ametia sumu kurasa za kitabu cha Aristotle kuhusu futuhi, kwa sababu aliogopa kwamba watu wakijifunza kucheka hawatamwogopa Mungu. Mwishoni maktaba inaungua, pamoja na abasia nzima.

Tofauti na riwaya za Peters ni kubwa. Kwa Peters, nyumba ni njema na muuaji ni doa. Kwa Eco, nyumba yenyewe ni sehemu ya jinai. Maktaba ilijengwa ili watu wasiione. Abati alijua mengi akanyamaza kulinda jina la abasia. Na wakati William anatafuta ukweli kwa subira, mahakimu wa imani wanafika na kumpata mkosaji wao upesi, tena kwa mateso. Mwisho wake hautulizi. Hakuna sanduku la kufungia ukweli, kuna majivu. Ndiyo maana tunaiona riwaya hii kuwa kubwa zaidi, ingawa ni ngumu na mara nyingine mwandishi anajisahau katika mijadala mirefu ya kitheolojia ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataichoka.

Bwana Msa na mzimu

Msomaji wa Kiswahili haingii katika mjadala huu mikono mitupu. Muhammed Said Abdulla (1918–1991) wa Zanzibar alipata tuzo ya kwanza katika shindano la uandishi la Afrika Mashariki kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Huo ndio mwanzo wa Bwana Msa, mwenye kiko mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni. Wengi wamesema kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevaa kanzu. Ni kweli, lakini si kweli yote.

Bwana Msa naye si polisi. Polisi yupo, ni Inspekta Seif. Nguvu ya Bwana Msa ni ileile ya Cadfael: anakaa na watu, anawasikiliza, anaachia mazungumzo yaende. Tofauti ni kwamba Cadfael amesimama nyuma ya ukuta wa abasia, na Bwana Msa amesimama katikati ya jamii yake. Tena katika riwaya hii ya kwanza maiti anakutwa mahali panapoogopwa, kwenye mzimu. Jamii iko tayari kuamini kwamba wazee wa kale ndio walioua. Bwana Msa anaiondoa hofu hiyo na kuonyesha mkono wa binadamu. Hapo anafanana na William wa Baskerville, tena amemtangulia kwa miaka 20. Wote wawili wanasema jambo moja: panapoitwa patakatifu, panapotisha, ndipo penye kichaka kizuri cha kumfichia muuaji.

Ni vyema basi mwanafunzi asifundishwe kwamba Kiswahili kilipokea tu kutoka Ulaya. Swali la patakatifu na damu lilikuwa limekwisha kuulizwa Zanzibar.

Msomaji wa Rusizi

Tunaandika haya kutoka Giheke, wilayani Rusizi. Si mbali na hapa ipo parokia ya Mibirizi, iliyoanzishwa mwaka 1903, miongoni mwa misheni za kwanza kabisa za Rwanda. Mwezi Aprili 1994 Watutsi waliikimbilia wakiamini kwamba ukuta wa kanisa ungewalinda, kama ulivyowahi kuwalinda wazazi wao miaka iliyotangulia. Waliuawa. Karibu na Butare, monasteri ya Kibenedikto ya Sovu nayo ilikimbiliwa, na mwezi Juni 2001 mahakama ya Brussels iliwahukumu watawa wawili wa monasteri hiyo kifungo cha miaka 15 na miaka 12 kwa mchango wao katika mauaji hayo. Wapo pia waliofungua milango yao: Félicité Niyitegeka wa Gisenyi alikataa kuwaacha aliokuwa amewaficha, akafa pamoja nao, na leo ni shujaa wa taifa.

Kwa hiyo msomaji wa hapa anapofungua riwaya yenye abasia na maiti, haioni abasia kama mandhari ya kale yenye ukungu na kengele. Anauliza maswali ambayo mwandishi wa Shrewsbury huenda hakuyategemea. Mlango ulikuwa wazi au umefungwa? Ufunguo ulikuwa na nani? Nani alinyamaza ili nyumba isichafuke?

Vilevile anajua namna nyingine ya upelelezi. Mahakama za Gacaca, zilizofungwa rasmi mwezi Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi karibu milioni mbili, hazikuwa na mpelelezi mmoja mwerevu mwenye kiko wala mwenye mitishamba. Mpelelezi alikuwa kilima kizima kilichokaa juu ya nyasi. Mara nyingi swali halikuwa nani aliua, kwa maana jirani alimwona jirani. Swali lilikuwa: mliwatupa wapi? Nalo swali la wale 94, la nani alitoa amri, lilipelekwa Arusha, ambako mwaka 1998 aliyekuwa waziri mkuu, Jean Kambanda, alikiri kosa na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Historia imefika mahali ambapo riwaya ya Cadfael haikufika: imemuuliza mwenye amri.

Mapendekezo kwa walimu

Je, tuziache riwaya hizi? Hapana. Mtu akituambia kwamba hadithi za maiti hazifai kwa vijana wa nchi hii, tutamjibu kwamba vijana hao tayari wanazijua habari za maiti. Wanachohitaji ni zana za kuzifikiria. Mtawa mpelelezi, hata akiwa na upungufu wake, anafundisha mambo matatu: kwamba dhana si ushahidi, kwamba aliyekufa ana jina, na kwamba anayesikiliza hugundua mengi kuliko anayetisha.

Tunapendekeza mwalimu aisome darasani sura ya kuhesabu maiti kutoka Maiti Mmoja wa Ziada, kwa tafsiri ya wanafunzi wenyewe. Zoezi hilo lina faida ya lugha pia. Wanafunzi watalazimika kuchagua kati ya mtawa, mmonaki na bruda. Watajifunza abati, mnovisi, masalia. Kiswahili kina msamiati huu tangu zamani, kwani Wabenedikto wa Peramiho na Ndanda, kusini mwa Tanzania, wamechapa vitabu vya Kiswahili kwa miongo mingi. Baada ya hapo wasome Mzimu wa Watu wa Kale na kulinganisha.

Na katika mtihani, badala ya swali lile la kawaida la kutaka mwanafunzi aeleze jinsi muuaji alivyogunduliwa, mwalimu aulize hivi: katika riwaya hii, ni nani ambaye hakuulizwa swali hata moja, na kwa nini? Mwanafunzi atakayemtaja Mfalme Stephen atakuwa amesoma vizuri. Atakayeeleza kwa nini Cadfael hakuweza kumuuliza atakuwa ameanza kuwa mhakiki.